Kwa Nini Mfumo Ulikuwa Unakutoa Nje Ukiwa Busia, na Tulichobadilisha

Kama unafanya biashara Busia au Malaba, hii unaijua vizuri. Umekaa dukani, simu mkononi, umeingia kwenye akaunti yako ya biashara kuangalia kama malipo ya mteja wa ng'ambo yameingia. Unageuka kidogo kumpimia mtu maharagwe. Ukiirudia simu, mfumo umekurudisha mlangoni: weka nenosiri upya. Unaweka. Unatembea hatua chache kuelekea kituo cha mpakani, unatolewa tena. Mara ya tatu unasonya, unatia simu mfukoni na kusema hawa watu wa kampuni wanacheza na sisi.

Mlitupigia. Mlituandikia. Na kwa muda mrefu tuliwajibu kwa neno moja: "mtandao". Tuseme ukweli, jibu hilo halikuwa kamili. Mtandao ulikuwa na mchango wake, lakini kosa kubwa lilikuwa kwetu, kwenye mipangilio ya seva inayowafungulia mlango.

Sisi wa timu ya masoko si mafundi wa kompyuta. Lakini tulikaa nao, tukauliza maswali ya kijinga hadi yakaisha, halafu tukafunga safari hadi Busia na Malaba kuwasikiliza nyinyi. Hii hapa hadithi yote, pamoja na mambo unayofaa kufanya wewe mwenyewe.

Mlango mmoja, vyumba vingi

Akaunti yako ya biashara ina vyumba kadhaa: kuna cha kupokea malipo, cha kuangalia floti, cha kulipa wasambazaji, cha ripoti za mwezi. Zamani kila chumba kilikuwa na mlango wake na nenosiri lake. Watu walikuwa wakisahau, wakiandika kwenye daftari, wakichanganya.

Tukaamua kuleta mfumo wa kuingia mara moja. Unajitambulisha mlangoni mara moja tu, halafu vyumba vyote vinakutambua.

Watu wa Busia hawahitaji mfano wa mbali kuelewa hili. Uko pale barabarani. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani, ulikuwa unapanga foleni upande wa Kenya kugongewa muhuri wa kutoka, halafu unavuka na kupanga foleni nyingine upande wa Uganda. Kituo cha Busia kilipofunguliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, mambo yalibadilika. Ukienda Uganda sasa, unasimama upande wa Uganda tu, na maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia chini ya paa moja. Ukirudi Kenya, unasimama upande wa Kenya. Malaba ni vivyo hivyo. Unasimama mara moja, kazi inaisha.

Mfano mwingine ni eCitizen. Akaunti moja inakupeleka kwenye maombi ya pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha tabia njema na huduma nyingine nyingi. Ni rahisi, lakini kuna upande wa pili. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa mtandaoni na kulemewa, waliotaka pasipoti walikwama, na waliotaka leseni walikwama. Serikali ilibidi iruhusu wageni waliohitaji viza ya mtandaoni kuipata wakifika nchini. Mlango ukiwa mmoja, hitilafu yake ni ya kila mtu.

Kwa hivyo yule anayelinda huo mlango lazima awe makini sana. Kwetu sisi, mlinzi ni seva.

Mlinzi anaishi wapi?

Programu tunayotumia mlangoni inaitwa CAS. Ilianzia Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, na siku hizi inatunzwa na jumuiya ya Apereo. Vyuo vikuu vingi duniani vinaitumia, na mtu yeyote anaweza kuisoma kodi yake.

Seva ya wavuti ndiyo inayopokea maombi kutoka kwenye simu yako na kukurudishia ukurasa. Zamani fundi alikuwa anasimika seva ya wavuti kando, kisha anaiweka programu juu yake, kama mtu anayekodisha duka ndani ya jengo la mwingine. Siku hizi seva huja imejengewa ndani ya programu yenyewe. CAS huja na seva iitwayo Tomcat tumboni mwake. Fundi anatoa amri moja, vyote viwili vinaamka pamoja. Mafundi wetu wanaipenda kwa sababu wakihamisha programu, seva na mipangilio yake huhama nayo.

Lakini seva ya aina hii huja na mipangilio ya kiwandani, na hiyo si ya kuachwa hivi hivi. Mifano michache:

- Lango. Kila seva husikiliza kwenye lango lenye nambari. Kurasa salama za wavuti hutumia 443. CAS ikitoka kiwandani husikiliza kwenye 8443. Kwa hivyo mbele yake tumeweka seva nyingine, tuiite bawabu, inayopokea wateja kwenye 443 na kuwapeleka ndani.
- Nenosiri la sanduku la vyeti. Vyeti vya usalama vya seva hukaa kwenye faili maalum, kama sanduku lililofungwa. Nenosiri lake la kiwandani ni neno la Kiingereza linalomaanisha "kibadilishe". Ndiyo, limeandikwa hivyo makusudi, na bado kuna watu duniani ambao hawajalibadilisha. Sisi tulilibadilisha siku ya kwanza.
- Muda. Ukishajitambulisha, mlinzi anakupa tiketi kuu. Kiwandani imewekwa idumu kwa muda usiozidi saa nane, na ife mapema usipoitumia kwa muda wa saa mbili. Ukitaka kuingia chumba fulani, unapewa tiketi ndogo ya chumba hicho, inayotumika mara moja na kufa baada ya sekunde kumi. Mtu akiiba hiyo ndogo, atakuta imeshakufa.
- Orodha ya vyumba. Mlinzi hapeleki mtu kwenye anwani yoyote tu. Anapeleka kwenye vyumba vilivyoandikishwa peke yake. Hii inazuia wezi kutumia mlango wetu kuwatupa wateja kwenye kurasa zao bandia.

Hapo hatukuwa na shida. Shida ilikuwa kwenye mpangilio mmoja ambao hakuna aliyeufikiria.

Tulipokosea

CAS ina tabia moja ya tahadhari. Inapokupa tiketi kuu, inaandika ndani yake anwani ya IP uliyotumia, yaani ile nambari ambayo simu yako inajulikana nayo kwenye intaneti wakati huo, pamoja na aina ya kivinjari chako. Ukirudi na anwani tofauti, inashuku tiketi imeibwa. Inaifuta na kukurudisha mlangoni.

Ni wazo zuri. Mwizi aliyeko kwingine akiipata tiketi yako, haitamfaa.

Kwa miezi ya kwanza hamkuona usumbufu wowote. Kwa nini? Kwa sababu ya yule bawabu wa mbele. Maombi yote yalikuwa yanapita kwake, na seva ya ndani ilikuwa inaona anwani ya bawabu tu. Mteja wa Busia, wa Kisumu, wa Nairobi, wote walionekana wametoka sehemu moja. Ile tahadhari ilikuwepo, lakini ilikuwa imelala.

Baadaye mafundi wakarekebisha hilo, kama ilivyopasa. Walimwagiza bawabu apitishe anwani halisi ya kila mteja, na wakaiagiza seva ya ndani imwamini bawabu huyo peke yake. Bila hivyo, tukitaka kuchunguza wizi, kumbukumbu za seva hazingetuonyesha nani alitoka wapi. Walijaribu ofisini Nairobi, kila kitu kikafanya kazi. Bila shaka kingefanya: ofisini simu zote ziko kwenye waifai moja na anwani haibadiliki.

Ile tahadhari iliyolala ikaamka. Na ilipoamka, iliwakuta nyinyi.

Hapa mpakani mtu wa kawaida ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, mara nyingi ndani ya simu moja. Data ya upande huu ikiisha au ikiwa dhaifu, unawasha ya upande ule. Na kila unapobadilisha laini ya data, anwani yako ya IP inabadilika. Hata laini moja ikipoteza mtandao na kuunganishwa tena, inaweza kupewa anwani mpya. Kwa mlinzi wetu, wewe uliyehama laini ukiwa umekaa kwenye kiti kile kile ulionekana kama mwizi aliyeshika tiketi ya mtu mwingine.

Ilikuwa kama afisa wa mpakani akukatalie kwa sababu umevua koti.

Mama wa maharagwe

Tungeweza kuliita hili usumbufu tu, tukaomba radhi na kuendelea. Lakini kuna mteja mmoja wa Malaba, hatutamtaja jina, ambaye alitufanya tuone kwamba usumbufu si jambo dogo.

Ananunua maharagwe Uganda na kuyauza upande huu. Siku za soko ana haraka: kuna dereva anayengoja, kuna wapakiaji wanaotaka chao, kuna wakulima wa ng'ambo wanaotaka kulipwa kabla ya mzigo kutoka. Alipokuwa akitolewa nje kila saa, alichoka. Akaandika nenosiri kwenye kipande cha kartoni, akakibandika nyuma ya kaunta. Kwa kuwa nambari ya siri ya mara moja, ile OTP, ilikuwa inakuja kwenye laini ya Kenya, akawa anaiacha simu hiyo dukani na kijana wa kumsaidia. Yeye anavuka na simu ya Uganda. Akitaka kulipa mtu, anampigia kijana: ingia, lipa fulani, kiasi fulani.

Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo. Mlango ukisumbua sana, watu huacha ufunguo mlangoni.

Asubuhi moja akiwa ng'ambo, mpokeaji mpya aliongezwa kwenye akaunti yake na pesa za mzigo zikatumwa. Nenosiri lilikuwa sahihi. OTP ilikuwa sahihi. Mfumo haukuona kosa lolote, kwa sababu kila ufunguo ulikuwa halisi. Aligundua alipotaka kuwalipa wakulima, na salio halikutosha.

Alipotupigia, sehemu ya pesa tuliizuia kabla haijatolewa. Nyingine ilikuwa imeshatolewa taslimu. Masharti yetu yanasema mteja asimpe mtu nenosiri, na yangeweza kutulinda. Lakini tulipofungua kumbukumbu za seva za wiki ile, tuliona mama huyu ametolewa nje zaidi ya mara kumi kabla ya saa sita mchana katika siku moja. Sisi ndio tuliomsukuma kwenye ile kartoni. Tulimfidia iliyobaki.

Mzigo ule wa maharagwe, lakini, ulinunuliwa na mwingine siku ile ile. Hilo hatukuweza kulifidia. Tulipomtembelea, alituambia hana kinyongo, ila tumwambie wazi ni lini mfumo utaacha kumshuku. Makala haya ni sehemu ya jibu letu kwake.

Tulichobadilisha

1. Kuhama laini hakukutoi nje tena. Tumelegeza kufuli ya anwani ya IP. Kivinjari chako bado kinaangaliwa, lakini kubadilisha data kutoka laini ya Kenya hadi ya Uganda hakutafuta tiketi yako.

2. Tumeongeza kufuli ndani. Kwa kuwa tumelegeza mlango wa nje, vyumba vinavyotoa pesa vina kufuli yao. Kuongeza mpokeaji mpya au kutuma pesa kunahitaji PIN yako, hata kama uliingia dakika moja iliyopita. Kuangalia salio na ripoti hakuhitaji.

3. Muda wa kukaa bila kutumia ni mfupi. Ile saa mbili ya kiwandani ilikuwa ndefu mno kwa simu inayoachwa kaunta. Sasa ukikaa dakika 15 bila kugusa chochote, mfumo unafunga. Ukiendelea kufanya kazi, hukatizwi.

4. Msaidizi ana ufunguo wake. Hili ndilo tunaloliona muhimu kuliko yote. Nenda kwenye Mipangilio, halafu Wasaidizi, umfungulie kijana wako akaunti yake mwenyewe. Unachagua anaweza kufanya nini: kuona malipo yaliyoingia tu, au pia kuandaa malipo ambayo wewe unayaidhinisha kwa PIN yako popote ulipo. Akiacha kazi, unafunga akaunti yake, yako haiguswi.

5. Ukitoka, unatoka kote. Zamani ukibonyeza "Toka" kwenye chumba kimoja, vingine vilibaki wazi. Sasa vyote vinafungwa pamoja. Kama unatumia kompyuta ya saiba, hili ni la maana sana.

6. Tunajaribu mpakani kabla ya kubadilisha. Mabadiliko yoyote ya mlangoni yatajaribiwa kwanza Busia na Malaba kwa simu za laini mbili, si ofisini Nairobi peke yake.

Na wewe ufanye nini?

Seva ikipangwa vizuri inafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine iko mikononi mwako.

Kwanza, ng'oa kartoni. Kama nenosiri lako limeandikwa popote dukani, libadilishe leo. Usitumie tarakimu za PIN yako ndani ya nenosiri, na usitumie nenosiri hilo hilo kwenye eCitizen au barua pepe. Mwizi akipata moja, kitu cha kwanza ni kulijaribu kwingine.

Pili, OTP haisomwi kwa simu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kukuomba OTP wala PIN. Hata akijua jina lako, hata akitaja malipo yako ya mwisho. Kata simu. Sema ni adabu mbaya ukitaka, lakini kata.

Tatu, usipuuze onyo la kivinjari. Mara nyingine kivinjari hukuambia kwamba ukurasa si salama au cheti kimekwisha muda. Cheti ndicho kitambulisho cha seva: kinathibitisha kwamba uliyefika kwake ndiye sisi, si mtu aliyejifanya sisi. Vyeti hivi vina mwisho, na sheria za vivinjari zinazidi kuvifupisha. Kwa miaka kadhaa, hadi Machi 2026, cheti hakikuruhusiwa kuzidi siku 398, na ratiba iliyopitishwa 2025 inafikisha siku 47 ifikapo Machi 2029. Vyetu tunavihuisha kwa mashine, hatungoji mtu akumbuke. Kwa hivyo ukiona onyo kwenye ukurasa wenye jina letu, usibonyeze "endelea". Ondoka, tupigie.

Nne, angalia tarehe na saa ya simu. Hili huwashangaza wengi. Simu ikiwa na tarehe isiyo sahihi, cheti kizuri kitaonekana kimekwisha muda au bado hakijaanza. Kenya na Uganda zinatumia saa moja, kwa hivyo hakuna haja ya kubadilisha chochote ukivuka. Weka simu ijipangie saa yenyewe.

Tano, soma anwani kabla ya kuandika nenosiri. Mfumo wa kuingia mara moja hukupeleka kwenye ukurasa mmoja tu wa kujitambulisha, kila mara ule ule. Hiyo ndiyo faida yake kwako: una anwani moja tu ya kukariri. Ukurasa mwingine wowote unaokuomba nenosiri letu, hata ukiwa na rangi zetu na nembo yetu, si wetu.

Sita, kwenye saiba, funga mwenyewe. Usikubali kivinjari kihifadhi nenosiri. Ukimaliza, bonyeza Toka, kisha funga kivinjari chote. Usimwachie mhudumu akufungie, hata kama mnajuana tangu shule.

Ukitolewa tena, tuambie hivi

Tulipokuwa Busia, mwendesha boda mmoja alitukumbusha kwamba hata jina la kazi yake lilizaliwa hapa, kwa wale waliokuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Halafu akatuuliza swali: sasa nyinyi mlitengeneza mfumo wa pesa wa mpakani bila kujua watu wa mpakani wana laini mbili?

Hatukuwa na jibu. Tuliandika swali lake kwenye daftari, na limekuwa la kwanza kwenye orodha ya majaribio ya mafundi.

Kwa hivyo ikitokea mfumo ukutoe nje bila sababu, usikubali tena jibu la "mtandao" kutoka kwetu. Fungua sehemu ya Msaada na utuandikie mambo matatu: ulikuwa wapi, ulikuwa unatumia data ya laini gani, na ilikuwa saa ngapi. Kwa hayo matatu fundi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu za seva na kuona mlinzi alikushuku kwa lipi. Tungeyauliza tangu mwanzo, tungeligundua kosa hili mapema, na mama wa Malaba angepata maharagwe yake.